Sinia la Biskuti za Sikukuu: Chagua Tatu, Uzioke Vizuri

Bwana na Bibi Mkulima, makala haya ni juu ya jambo dogo linaloweza kuwa na gharama kubwa: sinia la biskuti za sikukuu. Ukilipanga mapema, litatoka katika maziwa na mayai ya shamba lako mwenyewe. Usipolipanga, litatoka katika fedha za karo ya Januari.

Wengi wenu mna mtoto au ndugu anayekaa Nairobi. Huenda utashuka kumtembelea, au yeye atapanda kuja kwako. Vyovyote iwavyo, njia yaweza kupita Kenyatta Market, upande wa magharibi wa jiji, karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Soko hilo lina sifa mbili: nyama choma na wasusi. Sikukuu inapokaribia, wanawake huja kusukwa kabla ya safari ya mashambani, na moshi wa nyama haukatiki. Hapo ndipo fedha hutoka mfukoni upesi. Mtu hula, husukwa, kisha hukumbuka kwamba hajanunua kitu cha kupeleka nyumbani. Basi hukimbilia kopo la biskuti lenye picha nzuri. Akilifungua mbele ya wageni, hukuta karatasi ni nyingi na biskuti ni chache.

Mkulima mwenye busara hununua sokoni vile tu ambavyo shamba halitoi: sukari, unga wa ngano, tangawizi, iliki. Siagi na mayai anavyo.

MASWALI MATATU YA KUCHAGUA

Kosa kubwa ni kutaka kuoka aina nyingi. Mama wa nyumba hujaribu aina saba, mbili zikaungua, tatu zikalainika, na yeye mwenyewe akachoka kabla ya mgeni wa kwanza. Aina tatu zatosha. Kabla ya kuchagua, jiulize hivi:

Kwanza, itakaa siku ngapi? Jina lenyewe biskuti linatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kilichopikwa mara mbili, maana hapo kale zilikaushwa sana ili zisiharibike safarini. Biskuti kavu hukaa wiki mbili katika kopo. Kaimati ni tamu sana, lakini ni chakula cha siku ile ile.

Pili, itasafiri? Biskuti yenye krimu au chokoleti huyeyuka ndani ya matatu.

Tatu, kitu chake kikuu kinatoka wapi? Kikitoka zizini mwako, chagua hiyo.

Tena zisifanane ladha. Moja iwe ya siagi, moja ya viungo, na moja ya kukaanga.

YA KWANZA: BISKUTI ZA SIAGI

Hii ina kanuni rahisi, hata mtoto ataikumbuka: moja, mbili, tatu. Sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga wa ngano gramu 300. Vipimo hivi ni vya mizani, si vya kikombe. Kama huna mizani, mwombe mwenye duka akupimie mara moja, kisha tia alama katika kikombe chako.

Piga siagi na sukari mpaka ziwe laini na nyeupe. Tia unga na chumvi kidogo. Usikande sana, maana biskuti itakuwa ngumu. Sukuma unene wa kidole chembamba, kata, kisha oka. Utapata biskuti kama 40.

Ukitumia samli badala ya siagi na kutia iliki, utapata biskuti za jamii ya nangatai, zilizoletwa na Wahindi kutoka Gujarati na kupendwa sana Pwani.

YA PILI: BISKUTI ZA TANGAWIZI

Chukua unga gramu 250, siagi gramu 100, sukari gramu 100, yai 1, vijiko 2 vya chai vya tangawizi ya unga na kijiko 1 cha beking pauda. Changanya, finyanga vidonge vidogo, vibonyeze kwa uma. Utapata kama 30.

Mkulima wa miinukoni aangalie hapa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Kinangop zinapita mita 2,400. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na kinyunya huumuka upesi kisha hubonyea. Basi kule juu punguza beking pauda kidogo. Robo tatu ya kijiko yatosha.

YA TATU: VISHETI

Hivi havihitaji tanuri. Chukua unga gramu 500, samli au siagi iliyoyeyushwa gramu 50, na iliki. Kanda kwa maziwa au tui la nazi mpaka kinyunya kiwe kigumu kiasi. Sukuma, kata vipande vidogo, kaanga kwa moto wa wastani mpaka viwe rangi ya dhahabu. Chemsha sukari gramu 200 na maji nusu kikombe mpaka shira inate kidoleni. Mimina juu ya visheti na ugeuze bila kukoma, hata sukari ikauke na kuwa nyeupe.

HESABU YA SIAGI

Aina zote tatu zinahitaji siagi gramu 350. Kwa kawaida lita 20 hadi 25 za maziwa hutoa kilo 1 ya siagi. Kwa hiyo sinia lako linataka maziwa lita 8 au 9 tu. Ng'ombe wa Jersey, ambaye maziwa yake yana mafuta mengi, atahitaji pungufu ya hapo.

Wazee waliopata mashamba katika skimu ya Ekari Milioni Moja, kuanzia mwaka 1962, waliijua hesabu ya namna hii, kwa sababu walikuwa na mkopo wa ardhi wa kulipa. Nawe fanya vivyo hivyo. Chukua bei unayolipwa na chama chako kwa lita moja, zidisha kwa tisa, ulinganishe na bei ya siagi dukani. Usisahau kwamba maziwa yaliyoenguliwa bado ni chakula kizuri cha nyumbani.

Engua malai kwa siku tatu na uyaweke mahali pa baridi, halafu sukasuka. Siagi ikishashikana, ioshe kwa maji safi ya baridi mpaka maji yatoke meupe. Usipoiosha, itachacha upesi na biskuti zitanuka.

KUOKA BILA TANURI

Tandaza mchanga mkavu katika sufuria kubwa, unene wa vidole viwili. Weka juu ya jiko la makaa, funika, ngoja dakika 15 ipate joto. Weka biskuti katika bati dogo juu ya mchanga, funika, kisha palia makaa machache juu ya kifuniko. Makaa ya juu yasizidi sana, wala ya chini. Angalia baada ya dakika 15. Ukiona pembe zimeanza kugeuka rangi, toa. Zitakuwa laini bado, lakini zitakauka zikipoa. Usioke ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya makaa huua.

HADHARI

Wengine hupenda kutia karanga. Chagua moja moja. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, itupe. Yaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, nayo haiishi kwa kuokwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 120 mashariki mwa Kenya. Usiwape kuku karanga hizo, wala ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hata katika maziwa.

KUHIFADHI

Acha biskuti zipoe kabisa kabla ya kuzifunika, la sivyo mvuke utazilainisha. Kila aina iwe na kopo lake, maana tangawizi hutia harufu yake katika siagi. Oka tangawizi na siagi siku tano kabla ya sikukuu, visheti siku mbili kabla. Kwa wale wanaosherehekea Idi, sinia hili hili lafaa.

Biskuti za kuokwa ni 70. Wageni 20 watapata tatu tatu, na watoto watagawana zilizobaki. Visheti viwe katika bakuli katikati ya sinia. Na kama unamtuma mtoto arudi Nairobi, mfungie kopo moja. Akipita Kenyatta Market, atakuwa na kitu cha nyumbani mkononi, na fedha zake za nauli zitabaki mfukoni.

Haba na haba hujaza kibaba. Lita tisa za maziwa, asubuhi moja ya kazi, na Januari itakukuta na karo mkononi. Sikukuu njema.