Kosa la Dawa, Adhabu ya Karatasi: Utangulizi wa Migogoro ya Mataifa juu ya Miliki Bunifu

Oktoba 1988 Marekani ilipandisha ushuru hadi asilimia 100 kwa bidhaa za Brazil zenye thamani ya takriban dola milioni 39, zikiwemo karatasi, dawa na vifaa vya elektroniki. Kosa la Brazil lilikuwa kwamba sheria yake haikutoa hataza kwa dawa. Kiwanda chochote nchini humo kiliweza kutengeneza dawa iliyovumbuliwa na kampuni ya Marekani bila kuomba ruhusa wala kulipa. Mwenye kiwanda cha karatasi hakuwa ameiga kidonge cha mtu, lakini naye alifungiwa soko. Mwaka 1990 Serikali ya Brazil iliahidi kubadili sheria, ushuru ukaondolewa. Sheria yenyewe ilipitishwa 1996.

Nimekukaribisha kwa kisa hiki, msomaji, kwa sababu kinakukabidhi ufunguo wa taaluma hii mapema. Ukisikia mataifa mawili yanazozana juu ya ubunifu, usiishie kuuliza nani kamwibia nani. Uliza pia ni bidhaa gani imewekwa rehani. Mara nyingi orodha ya bidhaa zinazotishiwa ushuru hueleza mgogoro vizuri kuliko hotuba za mabalozi, maana kinachopiganiwa ni ruhusa ya kuingia sokoni, na ulinzi wa ubunifu ni sehemu ya bei ya ruhusa hiyo.

Tuanze na misingi. Miliki bunifu ni jina la jumla la haki kadhaa: hakimiliki kwa vitabu, muziki, filamu na programu za kompyuta, hataza kwa uvumbuzi, alama za biashara, na viashiria vya kijiografia, yaani majina kama Champagne yanayofungamanishwa na mahali bidhaa inapotoka. Haki hizi zina sifa moja inayozaa ugomvi wote tutakaouzungumzia: huishia mpakani. Hataza iliyotolewa Berlin haina nguvu Dodoma. Bidhaa, kwa upande wake, huvuka mpaka kila siku. Ili haki ivuke nayo, serikali lazima zipatane, na hapo ndipo wanadiplomasia wanapoingia.

Mapatano ya kwanza makubwa yalikuwa Mkataba wa Paris wa 1883 kuhusu mali ya viwandani na Mkataba wa Berne wa 1886 kuhusu hakimiliki. Lakini kila nchi ilijiunga kwa wakati iliouona unaifaa. Katika karne ya 19 wachapishaji wa Marekani walichapa vitabu vya Waingereza bila kuwalipa waandishi, na sheria yao iliwaruhusu. Charles Dickens alipoitembelea nchi hiyo mwaka 1842 alilalamika hadharani, akaishia kushambuliwa magazetini. Marekani ilianza kuwalinda waandishi wa kigeni mwaka 1891, tena kwa sharti kwamba herufi za kitabu zipangwe humo humo nchini. Mkataba wa Berne iliuingia mwaka 1989, zaidi ya miaka 100 baada ya kuanzishwa.

Uswisi nayo ilikuwa na sheria ya hataza tangu 1888, ila iliandikwa kwa namna iliyouacha nje uvumbuzi wa kikemia. Viwanda vya rangi vya Basel vilinufaika, wakati Wajerumani waliovumbua nyingi ya rangi hizo walikasirika. Ujerumani ilitishia kuzitoza ushuru rangi za Uswisi, na mwaka 1907 Waswisi wakabadili sheria. Leo Basel ni makao ya kampuni kubwa za dawa, na Uswisi ni miongoni mwa watetezi wakali wa hataza. Rahisi kuwacheka kwa unafiki, lakini mtafiti hujifunza jambo lenye faida zaidi: nchi hubadili msimamo pale inapopata ubunifu wa kuuza nje.

Mageuzi makubwa yalikuja na Mkataba wa TRIPS, unaohusu miliki bunifu katika biashara, uliotiwa saini Marrakesh tarehe 15 Aprili 1994 na kuanza kazi 1 Januari 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, WTO. Nchi zinazoendelea zilitaka masoko ya nguo na mazao yao. Nchi tajiri zilitaka hataza za angalau miaka 20 katika nyanja zote za teknolojia, dawa zikiwemo. Mambo hayo yalifungwa katika kifurushi kimoja, ukitaka hili ulipokee na lile. Tangu hapo nchi ikishinda kesi, na mshindwa akakataa kujirekebisha, inaweza kuruhusiwa kulipiza katika eneo tofauti kabisa na lile la kosa.

Silaha hiyo hukata pande zote mbili. Mwaka 2000 Ecuador iliruhusiwa kuwanyima Wazungu ulinzi wa miliki bunifu, ndani ya kiwango cha dola milioni 201.6 kwa mwaka, kwa sababu Umoja wa Ulaya uliwabagua wauza ndizi wake. Mwaka 2007 wasuluhishi wa WTO waliamua kwamba Antigua na Barbuda inaweza kuomba ruhusa kama hiyo dhidi ya Marekani, ya dola milioni 21 kwa mwaka, katika kesi ya kamari za intaneti. Nchi ndogo isiyo na soko la kumtishia mkubwa ilikuwa imepata pa kumshika.

Wala usidhani anayeshtakiwa kwa kuvunja TRIPS ni maskini siku zote. Sheria ya Marekani ya 1998 iliruhusu migahawa na baa zenye chini ya futi za mraba 3,750 kupiga muziki wa redio na televisheni bila kuwalipa watunzi. Mgahawa mkubwa zaidi nao ulisamehewa iwapo ulitumia spika zisizozidi sita, na si zaidi ya nne katika chumba kimoja. Umoja wa Ulaya ulishtaki na kushinda mwaka 2000. Wasuluhishi wakakadiria hasara ya Wazungu kuwa euro 1,219,900 kwa mwaka. Marekani ililipa fidia ya dola milioni 3.3 kwa kipindi cha miaka mitatu, na sheria yake ikabaki vile vile.

Sehemu ya taaluma hii inayogusa uhai wa watu ni dawa. Kampuni 39 za dawa ziliishtaki Afrika Kusini mwaka 1998 kwa sheria iliyolenga kushusha bei, kisha zikaondoa kesi Aprili 2001 baada ya kulaaniwa kote duniani. Novemba mwaka huo mawaziri wa WTO walitamka mjini Doha kwamba TRIPS haipaswi kuzuia nchi kulinda afya ya umma. Nchi isiyo na viwanda vya dawa ikafunguliwa njia ya kuagiza dawa zilizotengenezwa kwingineko kwa leseni ya lazima, yaani kwa ruhusa ya serikali bila idhini ya mwenye hataza. Rwanda ilikuwa ya kwanza kuijaribu. Julai 2007 iliiarifu WTO kwamba inahitaji pakiti 260,000 za dawa ya UKIMWI kutoka Kanada. Shehena ya kwanza iliondoka Septemba 2008. Zaidi ya mwaka mzima ulipita kwa makaratasi, na njia hiyo imetumika kwa nadra mno tangu hapo. Haki kuandikwa ni jambo moja, kutumika ni jingine.

Afrika Mashariki ina somo lake. Nchi zenye maendeleo duni zimesamehewa sehemu kubwa ya TRIPS hadi 1 Julai 2034, na kwa hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya ndiyo mwanachama pekee asiye katika kundi hilo. Soko ni moja, kalenda za sheria ni mbili: dawa isiyolazimika kuwa na hataza Uganda inaweza kuwa nayo Kenya. Zaidi ya hayo, Februari 2023 Umoja wa Afrika ulipitisha Protokali ya Miliki Bunifu ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, kwa hiyo baadhi ya mizozo ijayo itakuwa kati yetu wenyewe.

Misamaha hiyo ikikaribia kwisha, serikali zetu zitaketi tena mezani, na kila upande utakuja na orodha ya bidhaa zake. Wengi watakaotuwakilisha leo bado wako vyuoni. Ni vyema waizoee hesabu hii mapema: nini kinaombwa, nini kinatishiwa, na nani hasa atakayelipa.