Je, Wajua? Pikapu Inapomisi Mlimani Salgaa

Wanaobeba viazi vya Molo au mahindi ya Rongai kwa pikapu za zamani wanaijua hali hii. Injini imevuma vizuri tangu Nakuru, lakini ikianza kupanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, ghafla inatetemeka, inamisi na kukosa nguvu. Soma haya kabla ya kununua kipuri chochote.

Je, wajua kwamba injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde? Kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Silinda moja ikizima, takriban robo ya nguvu imekwenda, na petroli yake hutoka mbichi kupitia ekzosi. Ikikutana na moto huko ndani, hulipuka kwa kishindo.

Je, wajua kwa nini hitilafu hujitokeza mlimani na kutoweka kwenye tambarare? Ukikanyaga mafuta sana, mgandamizo ndani ya silinda hupanda, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Koili iliyochoka, waya wa plagi wenye ufa au plagi yenye pengo pana itavumilia barabara ya Rongai, kisha ishindwe Sachangwan. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzuri ni: inamisi wakati gani?

Wajua kwamba ikiwa mambo ni kinyume, chanzo nacho huwa tofauti? Injini inayomisi gari likiwa limesimama, kisha ikatulia ukiongeza mwendo, mara nyingi inavuta hewa mahali isipopaswa. Kagua hozi za vakyumu na gasketi iliyo chini ya kabureta. Jeti ndogo ya kabureta ikiziba pia huleta dalili hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kifuniko cha tangi kinaweza kulaza gari? Petroli inapopungua, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu la hewa likiziba, pampu huvuta hadi ishindwe, na injini hufa polepole baada ya mwendo mrefu. Ukifungua kifuniko, ukasikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likapona kwa muda, umempata mkosaji. Isipokuwa hivyo, angalia chujio la mafuta, kisha pampu.

Wajua kwamba koili huchukua volti 12 za betri na kuzigeuza kuwa zaidi ya volti 20,000? Mfumo huo wa koili, pointi na distribyuta ulibuniwa na Mmarekani Charles Kettering zaidi ya miaka 110 iliyopita, na bado unafanya kazi katika pikapu nyingi za Bonde la Ufa. Kwa sababu ya volti hizo, usishike waya wa plagi kwa mkono mtupu injini ikiwa inazunguka.

Je, wajua kwamba giza ni kipimo cha bure? Simamisha gari mahali salama usiku, fungua boneti, washa injini na uzime taa zote. Waya uliopasuka utaonyesha cheche za samawati zikirukia chuma. Ukinyunyiza maji kidogo kwenye waya, uvujaji huonekana wazi zaidi.

Wajua kwamba ukungu wa alfajiri ya Molo unaweza kuzima silinda mbili kwa mpigo? Unyevu huingia ndani ya kifuniko cha distribyuta na kuupa umeme njia ya mkato. Kifute kwa kitambaa kikavu, kisha utafute mistari myembamba myeusi: hiyo ni nyufa zilizoshika kaboni, na kifuniko cha namna hiyo hubadilishwa. Dawa ya kupuliza ya WD-40, iliyobuniwa Marekani mwaka 1953, kazi yake ya awali ilikuwa hasa kufukuza maji kwenye chuma.

Je, wajua namna ya kuitambua silinda iliyozima bila mashine yoyote? Injini ikinguruma polepole, ondoa waya wa plagi moja kwa koleo yenye mpini wa mpira, na kila waya unaoondoa uutie plagi ya akiba inayogusa chuma, mbali na petroli. Injini ikidhoofika zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, hiyo ndiyo iliyolala. Sasa hamisha plagi yake uipeleke silinda nyingine. Hitilafu ikiifuata, plagi ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, fanya hivyo hivyo na waya.

Wajua kwamba plagi ina ushahidi usoni mwake? Rangi ya hudhurungi ni afya. Masizi meusi makavu yanasema petroli ni nyingi kuliko hewa. Weusi wenye utelezi ni oili inayopita kwenye ringi za pistoni au vali. Weupe wa kuungua ni joto kupita kiasi. Na plagi moja iliyosafishika mno kuliko wenzake huenda inaoshwa na maji ya rejeta yanayopenya kwenye hedi gasketi.

Je, wajua kwamba Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Mau Summit iko zaidi ya mita 2,400? Hewa ya Nakuru ina msongo wa takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na ya Mau Summit kama asilimia 75. Kabureta iliyopimwa Pwani itamwaga petroli nyingi kuliko inavyohitajika huku juu, na plagi zitajaa masizi. Chujio la hewa lililoziba kwa vumbi la mashamba huzidisha tatizo hilo.

Wajua kwamba injini nyingi za silinda nne za mstari mmoja huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2? Gari likianza kumisi pindi tu baada ya kuhudumiwa, huenda waya mbili zimerudishwa mahali pasipo pake. Tia alama kila waya kabla ya kuung'oa.

Je, wajua kwamba kondensa, kipuri kidogo kama kidole gumba, huilinda pointi isiungue? Ikifa, pointi hutoboka haraka na cheche hudhoofika. Anayebadilisha pointi mara kwa mara bila kugusa kondensa anatibu dalili tu.

Wajua kwamba Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, plagi zake zimezama katika mashimo marefu kwenye hedi? Mpira wa kuziba ukichakaa, oili au maji ya kuoshea injini hujaa humo, na silinda humisi mara moja. Kausha shimo kabla ya kulaumu koili.

Je, wajua kwamba petroli yenye risasi iliondolewa kote kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na ulimwenguni kote mwaka 2021 Algeria ilipoacha kuiuza? Ilikuwa sumu kwa watoto wetu, na kuondoka kwake ni ushindi. Lakini risasi hiyo ilikuwa ikivilinda viti vya vali katika baadhi ya injini za zamani. Viti hivyo vikilika, vali haifungi sawasawa na silinda hupoteza mgandamizo. Hapo plagi mpya haitasaidia kitu. Pima mgandamizo wa kila silinda. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku hedi gasketi.

Wajua kwamba Septemba 2018 serikali ya Kenya ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji? Mafuta ya taa ndani ya petroli huifanya injini igonge na kuchafua plagi. Petroli huweza pia kuwa na maji: ikiwa pikapu ilianza kumisi dakika chache baada ya kujaza, chota mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo. Maji yakiwamo yatatuama chini.

Je, wajua kwamba petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri? Mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini. Januari 31, 2009, lori la mafuta lililopinduka Sachangwan lilishika moto na kuua zaidi ya watu 100. Kwa hiyo usimimine petroli kwa kikombe kwenye kabureta ili kujaribu injini kando ya barabara, wala usijaribu cheche penye harufu ya mafuta.

Wajua kwamba injini inayozima ni hatari kubwa zaidi wakati wa kuteremka? Katika pikapu ya petroli, kisaidizi cha breki hutegemea vakyumu ya injini. Ikizima, unabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu. Pikapu inayomisi isiteremshwe kutoka Mau Summit hadi Salgaa. Egesha nje kabisa ya barabara, weka jiwe kwenye gurudumu na pembetatu za onyo mbele na nyuma.

Je, wajua kwamba magari madogo yanayouzwa Marekani tangu 1996 hujitangazia hitilafu kwa namba, P0301 ikimaanisha silinda ya kwanza inamisi? Pikapu ya zamani haina kompyuta hiyo, kwa hiyo dereva ndiye anayetoa taarifa. Mwambie fundi mambo manne: injini ilikuwa baridi au moto, ilikuwa mlimani au tambarare, kulikuwa na mvua au jua, na ni kitu gani kilifanyiwa gari mara ya mwisho. Kisha mwombe apime kwanza na abadilishe kipuri kimoja kimoja. Vipuri vitano vikibadilishwa kwa pamoja huenda vikaiponya pikapu, lakini utakuwa umelipia vinne ambavyo huenda vilikuwa vizima.