Kuhesabu Wagonjwa kwa Kipimo Kinachokosea

Kila utafiti wa afya unapotangazwa, wasikilizaji huniuliza: hao watu elfu kadhaa waliopimwa wanawezaje kuisemea nchi nzima? Ni swali la haki, maana hesabu hiyo ndiyo inayopangia fedha za dawa.

Tuchukue utafiti wa kifua kikuu uliofanywa hapa Kenya, uliokamilika mwaka 2016. Walishiriki watu 63,050 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wakapatikana wagonjwa 305. Baada ya mahesabu, kiwango kikawa watu 558 katika kila 100,000. Kwa nini umati wote huo? Kwa sababu ugonjwa ukiwa wa kiwango hicho, ukichunguza watu 1,000 utatarajia wagonjwa watano au sita, lakini bahati peke yake yaweza kukupa mmoja, au kumi. Mmoja aseme ugonjwa unakwisha, kumi waseme ni janga. Waziri amwamini nani?

Lakini wingi wa watu hutibu bahati tu, hautibu kipimo. Kupima makohozi kwa hadubini, kama tulivyozoea zahanati, kuliwagundua wagonjwa 46 katika kila 100 waliothibitishwa. Mashine ya GeneXpert iligundua karibu 78. Kwa hadubini pekee, wale 305 wangeonekana kama 140, na ili kufikisha 305 ingebidi kuwaita watu zaidi ya 130,000. Nani angelipia magari na posho?

Upande wa pili una hatari zaidi. Fikiria kipimo kinachomsingizia mtu mmoja tu katika kila watu 100 wasio na ugonjwa. Utakisifu! Kumbe katika umati ule kingeleta wagonjwa hewa wapatao 630, maradufu ya wale wa kweli. Ongeza watu hadi milioni, na wagonjwa hewa nao wataongezeka. Kwa hiyo mpangaji hukijaribu kwanza kwa watu wanaojulikana hawana ugonjwa, ajue hukosea mara ngapi, kisha huongeza kipimo cha pili. Ndiyo sababu makohozi yalioteshwa maabara pia, kazi inayochukua wiki kadhaa.

Hata kuuliza ni kipimo. Kati ya wagonjwa waliopatikana, asilimia 48 tu walisema wamekohoa zaidi ya wiki mbili. Waliobaki wangerudishwa nyumbani wakiambiwa ni wazima, kama pasingekuwa na eksirei ya kifua.