Mushahara ulikwama kwenye mulango wa ordinatere

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Mbele ya biro ya mushahara ya mugodi mumoja, upande wa Kolwezi, watu walikuwa wamesimama tangu asubui na maneno yalikuwa mengi. Baba mumoja wa kazi ya usiku alisema: "Bakubwa bamekula franka yetu." Mama mumoja alikuja na barua ya masomo mukononi, watoto wake wawili wamerudishwa nyumbani.

Ndani ya biro, karani hakukula hata franka moja. Programu yenye kuhesabu siku za kazi ilikataa kufunguka. Na fundi mwenye kuijua alikuwa kwenye biro kubwa, Lubumbashi, karibu kilometa 300 na njia.

Zamani fundi angepanda motokari. Leo, kama biro mbili ziko kwenye rezo moja, anaweza kutengeneza akiwa kwenye kiti chake. Windows iko na kazi hiyo tangu ile XP ya mwaka 2001. Mwenye shida anaomba musaada: ordinatere yake inatengeneza mualiko, ni kama barua ndogo, na inamupa neno la siri. Barua anaituma kwa fundi, neno la siri anamuambia kwa simu. Fundi anafungua barua, anaandika neno, na karani anajibu: ndiyo, ingia. Pale fundi anaona ekrani tu. Kama anataka kushika mashini yeye mwenyewe, lazima aombe ruhusa mara ya pili.

Ni rahisi hivyo, lakini siku ile haikuingia.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa la karani. Alituma mualiko, kisha akafunga lile dirisha dogo, akizani kazi imekwisha. Kumbe dirisha lile njo linangojea fundi. Ukilifunga, fundi anapiga hodi kwa nyumba yenye haina mutu. Na hata ukiliacha wazi, kwa Windows 7 mualiko unadumu saa 6 tu, kama hakuna mwenye kubadilisha. Mualiko wa jana si wa leo.

Akatengeneza mupya. Kuranti ikakatika. (Tunajua sisi wote.) Iliporudi, kile kisanduku cha rezo kilipatia ordinatere adresi ingine. Sasa, mualiko unabeba adresi ndani yake. Ni sawa na kutuma mutoto kwa nyumba ya zamani wakati wewe umehama: mutoto si mupumbavu, njia njo imebadilika. Lazima kuandika mualiko mwengine tena.

Mualiko wa tatu pia ukakataa, na hapa shida ilikuwa ingine. Kisha kuranti kurudi, Windows 7 iliuliza: hii rezo ni ya nyumba, ya kazi, ao ya mahali pa watu wote? Karani akaangalia inje, akaona ile milolongo ya watu, akajibu: "Ya watu wote." Jibu la akili, lakini mashini iliisikia namna ingine. Ndani ya ordinatere iko mulinzi, mafundi wanamuita parefe. Unamujua, ni sawa na sentineli wa kwenye barriere ya mugodi: wenye kutoka anawaachilia, wenye kuingia anawauliza karatasi. Ukimuambia uko mahali pa watu wote, anafunga hata kwa fundi wa kampuni.

Kijana mumoja wa biro akasema: "Mama, tuzime parefe yote, tumalize." Fundi akasikia kwa simu, akapiga kelele: "Hapana, mama! Usifukuze sentineli juu ya mugeni mumoja. Badilisha tu lile jibu, useme ni rezo ya kazi." Mimi ninamuunga mukono. Nimeona biro zenye kuzima parefe siku moja, na mwaka muzima hakuna mwenye kukumbuka kuiwasha.

Ingine yenye inasumbua huku kwetu ni saa. Lubumbashi na Kolwezi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Mutu akiona saa ya ordinatere hailingane na ya Kinshasa, anairudisha nyuma kwa mukono. Kwa kampuni zenye serveri moja ya kuhakikisha majina ya watu wote, kwa kawaida saa zikipishana zaidi ya dakika 5, ile serveri inakataa jina lako hata kama neno la siri ni sawa. Usiguse saa, angalia kwanza kama mashini inajua iko upande gani wa inchi.

Karani akabadilisha jibu, fundi akaingia. Kisha dakika kidogo ekrani yake ikakuwa nyeusi. Haikuwa imekufa: Windows ilikuwa inaomba ruhusa ya mukubwa wa mashini, na swali lile fundi haruhusiwe kuliona kama karani hakukubali mbele. Karani akajibu swali, ekrani ikarudi.

"Sasa, bwana fundi, unaona mushahara wa watu wote?" karani akauliza.

"Ninaona yenye iko kwenye ekrani, mama. Funga yenye haihusu kazi yangu. Na siku mutu usiyemujua anakupigia simu anasema yeye ni fundi, anaomba mualiko, kata simu, uite biro wewe mwenyewe."

Saa kumi ya mangaribi liste ilitoka. Mama wa masomo alipata yake. Baba wa kazi ya usiku aliposoma jina lake, aliona siku 2 zinakosa. Karani aliangalia daftari ya karatasi: shefu wa ekipe hakuziandika. Baba alirudi kwa mugodi kumutafuta.