Puli Zilizotoka Mstarini katika Injini Yenye Supachaja: Mfano wa Karakana za Kinanira, Bujumbura

Mkanda wa injini ukiharibika mara mbili katika muda mfupi, mkanda wenyewe si wa kulaumiwa kwanza. Kwa karakana ndogo zinazohudumia Kinanira, kusini mwa Bujumbura, hoja hii huamua iwapo mwenye gari atanunua mkanda wa tatu uliotoka ng'ambo.

Supachaja, tofauti na tabochaja, haiendeshwi na moshi. Huzungushwa na krankishafti kupitia mkanda, nao hubeba mzigo mzito kila dereva anapokanyaga mafuta. Puli moja ikitoka mstarini, mkanda huingia mferejini kwa pembe, hulia, na ukingo wake huchanika nyuzi. Fundi hunyunyiza maji kidogo upande wenye mifereji, injini ikinguruma: mlio ukikoma kwa muda, hushukiwa mpangilio wa puli, ukizidi, hushukiwa ulegevu. (Anyunyizie mbali, vidole havina vipuri.)

Kipimo cha uhakika ni rula ya chuma, injini ikiwa imezimwa. Hupimwa mifereji yenyewe, si nyuso za puli, kwa kuwa unene wa kingo hutofautiana. Puli zenye umbali wa milimita 300 zikipishana kwa milimita 3, mkanda umepinda kupita nusu digrii. Kabla ya kuongeza washa, fundi achunguze beringi ya kikaza mkanda na braketi; washa juu ya beringi iliyolegea huuficha ubovu kwa siku chache tu, kisha mkanda mpya huanza kuchanika upande uleule.