Ghala za maji za Iran: tunajifunza nini?

Wakulima wenzetu, mvua ikinyesha tunaacha maji yaende. Kiangazi kikifika, wamama na watoto wanaanza tena safari ya bidoni. Basi tuone namna watu wa Iran walivyofanya, wao ambao mvua yao ni kidogo kabisa. Mjini Yazd, mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 60.

Huko kila mtaa ulikuwa na ghala ya maji, yaani «ab anbar». Walichimba shimo kubwa, wakajenga kuta za matofali. Ndani walipakaa mchanganyiko wa chokaa, mchanga, udongo, majivu, ute wa mayai na manyoya ya mbuzi, ili maji yasipenye. Waliuita «saruj», na neno letu saruji limetoka huko. Juu walifunika kwa paa la mviringo, na minara ilileta upepo wa kupoza maji.

Ghala ilijazwa wakati wa baridi, kwa mvua ao kwa mifereji ya chini ya udongo. Watu walishuka ngazi mpaka kwenye robine. Robine haikuwekwa chini kabisa. Juu ya nini? Juu matope yanakaa chini, maji safi yanabaki juu.

Nani alilipa? Mara nyingi matajiri walijenga kwa sadaka, na mapato ya shamba ao duka yakatengwa kwa kazi ya kutunza. Ile kubwa ya Qazvin, iliyojengwa katika miaka ya 1810, iko hata leo.

Lakini tusidanganyike. Kusini mwa Iran kulikuwa birika ambamo watu waliingia na miguu kuteka maji. Mwenye kidonda cha mnyoo wa Guinea akikanyaga humo, mnyoo unaacha watoto wake majini, na wenye kunywa wanaambukizwa. Ugonjwa huo ulikomeshwa huko katika miaka ya 1970 tu.

Kwa hiyo, kama koperative yenu inataka kujenga tangi:

– funikeni vizuri, mwanga na mbu visiingie;
– wekeni robine juu kidogo ya sakafu;
– mtu asiingie kuteka;
– mvua ya kwanza imwagwe, inasafisha mabati;
– chagueni mwenye kulinda, na mtenge sanduku la matengenezo.

Tangi bila mwenyewe halimalizi miaka miwili.