Usawa wa Amri: Kutoka Nchi ya Kapera hadi Enzi ya Abakosti

Makala haya yanahusu tawi moja la fasihi ya distopia, yaani kazi za kubuni zinazosawiri nchi ambayo dola imejitwalia kila kitu, hata mavazi na ndimi za raia. Tawi hilo ni lile la usawa unaoletwa kwa amri.

Mfano mashuhuri ni hadithi fupi ya Mmarekani Kurt Vonnegut, "Harrison Bergeron" (1961). Humo mwaka ni 2081: wenye nguvu wanabebeshwa mizigo, wenye sura nzuri wanavikwa vinyago, na wenye akili wanawekewa masikioni chombo cha kelele ili wasifikiri kwa muda mrefu. Hapa sarufi yatusaidia. "Usawa" ni nomino isiyomtaja mtendaji. "Kusawazisha" ni kitenzi: hakina budi kuwa na anayesawazisha na anayesawazishwa. Kwa maoni yangu, distopia humtoa mtendaji huyo katika maficho ya nomino.

Kiswahili nacho kina hazina yake. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kazi ya George Orwell, ilitoka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Euphrase Kezilahabi aliliendea jambo lenyewe nyumbani. Katika Gamba la Nyoka (1979) wanavijiji wanahamishiwa kijiji cha ujamaa kwa nguvu. Na tukumbuke kwamba kuhamia vijijini, kulikosifiwa kuwa kwa hiari, kuligeuka amri mwezi Novemba 1973. Katika tamthilia ya Kaptula la Marx, iliyochapishwa 1999 miaka mingi baada ya kuandikwa, Rais Kapera na mawaziri wake wanafunga safari kwenda nchi ya Usawa, naye amevaa kaptula isiyomtosha. Usawa umekuwa mahali, tena mahali pasipofikika, na vazi la safari lilishonewa kiuno kingine.

Msomaji aweza kupinga kwamba kazi za Kezilahabi ni tashtiti ya siku zake, wala si distopia. Sioni mpaka huo. Wakati ujao wa Vonnegut ni pazia tu.

Sisi wa Goma, kwa kweli, hatuhitaji pazia. Oktoba 1971 nchi yetu iliitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na "Citoyen" likachukua nafasi ya "Monsieur". Suti na tai ziliondoka, ikaingia abakosti, ambayo jina lake latokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti chini!" Kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wa MPR tangu kuzaliwa. Haki isemwe: kumwita waziri na mchukuzi kwa neno moja kulikuwa na ladha ya heshima kwa mnyonge. Lakini kofia ya ngozi ya chui ilibaki alama ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeruhusu tai tena tarehe 24 Aprili 1990.

Hapa Katoyi si vigumu kumkuta mtu aliyezaliwa katika miaka hiyo ambaye kadi yake ya uchaguzi haina jina la ubatizo, ilhali nyumbani na kanisani hajawahi kuitwa kwa jingine. Jina la karatasini ni la dola. Lile la pili lilipita chini ya amri, likidumu midomoni mwa mama na majirani.